Jumatano za Marsiana

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimepandishwa cheo bila kupandishwa mshahara. Mpaka asubuhi nilikuwa Cornelia mtunza ghala wa kiwanda cha unga cha Kilele, hapa Sumbawanga. Kuanzia saa nne mimi ni mtunza ghala na pia mratibu wa ufadhili. Bosi, Bwana Evans, anasema nimefaa kwa sababu napenda kuuliza uliza. Miaka kumi na moja wenzangu wananiita mbea, kumbe ni sifa ya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila msimu kampuni humfadhili mkulima mmoja wa ulezi wa huku Ufipa. Anapewa mbegu na mbolea, picha yake inachapwa kwenye mfuko wa unga wa uji, anakwenda nasi Nane Nane Mbeya, na mtoto wake mmoja analipiwa bweni la sekondari mpaka amalize. Mimi nizunguke, nitazame mashamba, niwaulize majirani, niandike ripoti. Kamati inaamua katikati ya Julai. Daftari hili ni la yale yasiyoingia kwenye ripoti.

Jumanne, 14 Mei

Mashamba manne. Baridi imeanza kuuma. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 22 Mei

Leo kuna la kuandika.

Nimekwenda Lwandazi, kijiji kilicho mbele ya Kate, kwa pikipiki ya kukodi, na mgongo sina tena. Bwana shamba alikuwa ametupa jina la Marsiana, mwanamke anayelima ulezi peke yake tangu mumewe aende ziwani Kirando kuvua na kusahau njia ya kurudi. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke mrefu, khanga kiunoni, kisu kidogo cha kukatia ulezi mkononi. Nikamsalimia. Akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiseme kitu. Nikajitambulisha. Akaitikia kwa kichwa. Nikajua ni bubu na bwana shamba amesahau kunieleza, basi nikaanza kupaza sauti, kana kwamba bubu lazima awe na kiziwi ndani yake. Akaweka kidole mdomoni, akacheka bila kutoa sauti.

Akanipeleka shambani. Mwezi huu nimeona mashamba tisa na hakuna linalolikaribia lile. Huku kwetu ulezi unaanzia kwenye intumba, yale matuta ya duara yanayofukiwa majani yaoze ndani kwa miezi kabla ya udongo kutawanywa na kupandwa. Siku hizi wengi wanalipua. Marsiana alinifungulia tuta la mwaka ujao kwa vidole ili nione, na udongo wake ulikuwa mweusi, majani yameshaanza kulainika. Ulezi wa mwaka huu umekunja vichwa kama ngumi.

Kwa kuwa yeye hasemi, nikasema mimi. Nilimweleza habari za baridi, za bei ya mbolea, na mwishowe za ndoa yangu iliyovunjika, jamani, mtu ambaye hakuniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu alinisikiliza mpaka mwisho.

Mwenyekiti wa kijiji, Maximilian, ndiye aliyenifumbua macho. Shamba lake liko ng'ambo ya kijito, mkabala na kwa Marsiana.

"Umekuja siku mbaya, mama. Hao ni Watu wa Jumatano."

Ni watu kama thelathini, akanieleza, waliojitenga chini ya mzee mmoja aitwaye Kasimiri, zamani katekista. Jumatano, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, mtu mzima wao hafungui mdomo. Hawanywi pombe, hawaji kulima kwa jirani. Kisha akanisogelea.

"Na hili uliandike. Mwanawe aliumwa na nyoka, mwaka wa tano huu. Ilikuwa Jumatano. Mama akanyamaza. Hakuita hata mtu mmoja. Mguu ukaoza, ukakatwa. Kisa imani."

Nikaandika. Nimerudi mjini nimemchukia mwanamke aliyenishika mkono kwa mikono miwili.

Ijumaa, 24 Mei

Nimepeleka ripoti ya kwanza. Nilisifu shamba, halafu nikaandika: "Mwanawe alipoumwa na nyoka, mama alinyamaza kwa sababu ya imani yake." Bosi aliposoma hapo akavua miwani.

"Huyu hapana."

"Shamba lake ndilo la kwanza, bosi."

"Mfuko wetu unaingia jikoni kwa watu, Cornelia. Mama anamkorogea mtoto uji, anatazamana na picha ya mwanamke aliyeacha mguu wa mwanawe uoze? Jina ni letu. Hakuna sheria ya kutulazimisha kumfadhili mtu."

Nikamwambia kweli kabisa. Nilimaanisha.

Jumatatu, 27 Mei

Nina swali linaniwasha. Huyo mtoto yuko wapi? Sikumwona. Nimehukumu kwa mguu ambao sijauona.

Jumamosi, 1 Juni

Nilitaka kumwomba bosi ruhusa ya kurudi Lwandazi. Jumamosi simu yake haipatikani, yeye ni Msabato. Nikaenda bila ruhusa.

Mtoto yupo. Anaitwa Mariana, ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na anaongea kama redio iliyoachwa wazi. Kabla sijakaa alishaniambia jina la mbuzi wao, mwalimu gani ana wivu, na kwamba gongo lake la kutembelea ni la mti wa msituni na halijawahi kuvunjika. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti.

"Na Jumatano unanyamaza?"

"Bado, mpaka nifike kumi na sita. Nimebakiza mitatu, ndiyo maana nafanya haraka."

Sekondari iliyo karibu ni kilomita tisa, mlima na mteremko. Amejaribu kwenda kwa gongo. Alifika wakati wenzake wanatoka. Akipata bweni atasoma. Asipopata, ataishia hapo hapo na lile domo lake lote. Mama yake alikuwa anapepeta mahindi, akaacha.

Sauti ya Marsiana ni nzito, tena haina haraka. Nikamuuliza bila kuzunguka, maana mimi kuzunguka sijui.

"Dada, ni kweli ulinyamaza?"

"Nani kakwambia?"

"Kijiji."

Akatazama ng'ambo ya kijito.

"Nilipiga yowe. Nilipiga mpaka koo likachanika. Siku ile walikuwa pale kwa Maximilian wote, wanamchongea intumba. Nilikuwa nasikia nyimbo zao. Niliita, nikaita, nyimbo hazikukatika. Nikamfunga mtoto mgongoni nikatembea mpaka barabarani. Lori la mahindi limekuja jua liko utosini. Hospitali wakaniambia umechelewa, mama."

"Mbona hukuwahi kuwaambia watu?"

"Waliniuliza nani? Wewe ndiye wa kwanza."

Nikavuka kijito. Maximilian hakuwepo. Mkewe, Justa, alikuwa anaosha vyungu. Nilipomuuliza habari ya siku ile, akakisugua chungu ambacho kilishatakata.

"Muulize baba watoto," akasema, wala hakuinua macho.

Sijui nani mkweli. Lakini nilisimama uani kwa Justa, Mariana akaimba ng'ambo, na kila neno nililisikia.

Jumatano, 5 Juni

Upepo. Leo nilijaribu kutosema neno ghalani mpaka saa sita. Saa mbili na robo nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwona Mzee Kasimiri mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaniacha nisimame kwanza, kisha akaniketisha kwenye kigoda kifupi huku yeye yuko kwenye kiti. Sikumpenda sana. Anajiona. Lakini nilitaka kujua Jumatano ilitoka wapi, na akanieleza.

Alikuwa na dada yake mkubwa, mjane. Siku moja watu wakiwa kwenye kimpumu, kile chungu cha pombe ya ulezi kinachonywewa kwa mirija, mmoja akatania kwamba mvua imegoma kwa sababu ya yule mjane. Wakacheka. Wa pili akaongeza. Asubuhi ulikuwa mzaha, jioni nyumba yake ilikuwa inawaka. Aliponea kwa kukimbilia mashambani, akafia ugenini.

"Ilikuwa Jumatano," akasema mzee. "Na mimi nilikuwepo chunguni. Sikuwasha moto. Nilisema tu, kama wenzangu."

Nikajikaza nikamuuliza swali lililonileta.

"Mtu akiwa anakufa Jumatano, mzee?"

"Uhai unafungua mdomo. Hilo tulilisema siku ya kwanza."

"Na shida nyingine, za ofisini, za shule?"

"Hizo zingoje Alhamisi."

"Hata kuandika kwenye karatasi?"

"Kalamu ni mdomo vilevile." Akasimama, maana yake niondoke.

Njiani nilifikiri ile ripoti yangu. Maneno ya Maximilian niliyaandika siku ya Jumatano.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemvizia wakili mmoja wa hapa mjini, Mathias, akinywa chai, nikamtegea swali: kampuni inaweza kumkataa mtu kwa sababu ya kundi analosali nalo?

"Kufadhili ni hiari yenu," akasema. "Lakini tangazo lenu si limebandikwa pale sokoni? Linasemaje?"

Ninalijua kwa moyo, nililiandika mimi. Mkulima bora wa ulezi, bila kujali kabila wala dini.

"Basi ugomvi wenu ni na tangazo lenu. Mmejifunga wenyewe." Akaniachia nimlipie chai.

Jumanne, 18 Juni

Bosi: "Hii si dini, ni kikundi."

Mimi: "Tofauti yake ni nini?"

Akafikiri. "Dini ina makanisa. Ina watu wengi, inajulikana. Hawa ni thelathini na mzee wao."

"Kwa hiyo wakiongezeka tutawafadhili?"

Akaudhika kidogo. Nami mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake. "Bosi, na wewe Jumamosi simu yako haipatikani. Hakuna anayekuuliza ukipata dharura utafanyaje."

Nilisikia mashine zinasaga kule chini.

"Usilinganishe," akasema. Kisha akaongeza: "Mtu akinyima mtoto msaada, hilo si suala la kusali. Hilo nitalikataa hata kwa mtu wa kanisani kwangu."

Hapo yuko sawa, na nilimwambia yuko sawa. Nikamweleza habari ya yowe; kinachobaki ni kama jambo lenyewe lilitokea. Ameamua Marsiana aitwe mbele ya kamati, na mwenyekiti aitwe kama shahidi. Tarehe kumi na saba Julai.

"Hiyo ni Jumatano, bosi."

"Kamati inakaa Jumatano miaka yote. Akiitaka nafasi atasema."

Alhamisi, 27 Juni

Baridi kali. Vidole haviandiki.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeomba kikao kisogezwe siku moja tu. Imeshindikana. Mhasibu wetu, naye wa kamati, anacheka, eti nimeokokea kwa Watu wa Jumatano.

Jumanne, 16 Julai

Marsiana ameshuka mjini mchana, amefikia kwangu. Amekuja na fungu la ulezi kwenye khanga. Tumekula ugali na dagaa wa ziwani, nikamsihi mpaka nikajichoka.

"Dada, sema kesho. Maneno matatu tu: nilipiga yowe. Ni kwa ajili ya Mariana."

"Mzee amesema uhai ndio unafungua mdomo. Bweni ni uhai?"

"Kwa mtoto wa mguu mmoja, ndiyo!"

Akanyamaza, na leo ni Jumanne.

"Tatizo si mzee," akasema. "Siku ile nilisema. Nilivunja Jumatano yangu, na kijiji kizima kikasema nilinyamaza. Kesho nikisema tena, nao wakasema naongopa, nitabakiwa na nini? Ile siku moja ndiyo ninayopumzika. Jumatano hakuna anayenidai maelezo."

Nilikuwa na hasira naye. Nimemtandikia kitanda nikiwa na hasira, na ninaandika haya nikiwa nayo bado.

Jumatano, 17 Julai

Nitaandika yote, hata kama mkono utakufa ganzi.

Asubuhi aliamka kabla yangu, akafagia uwanja, akanipungia mkono badala ya kunisalimia. Tukaenda kiwandani kwa miguu, upepo unatukata masikio. Kamati tulikuwa watano mezani. Maximilian alikuwa amevaa koti la suti, ameketi karibu na dirisha. Marsiana alikaa peke yake mkabala nasi, fungu la ulezi mapajani.

Bosi alianza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisifu shamba. Alisema kampuni haina ugomvi na sala ya mtu. Kisha akasema kwa upole:

"Mama, nakuomba unijibu wewe mwenyewe. Mwanao alipoumwa, ulinyamaza?"

Marsiana akamtazama. Midomo yake ilitikisika, ikafumba. Saa ya ukutani inahesabu. Nikawa namwomba Mungu, na namwomba yeye, kwa macho. Hakuna.

"Mnaona?" Maximilian akainua mikono. "Mnaona wenyewe? Hivyo hivyo ndivyo alivyofanya siku ile. Mtoto anakufa, yeye kimya. Sisi jirani zake tungesikia sauti yoyote, tungeacha kufika?"

Mhasibu akafunga faili.

Marsiana akasimama. Akaweka fungu lake la ulezi juu ya kiti, taratibu, kichwa kisidondoke hata kimoja. Akashika kiuno. Akafungua mdomo, akapiga yowe.

Sijawahi kusikia kitu kama kile ndani ya nyumba. Hakikuwa na neno ndani yake. Kilipanda, kikakatika, kikapanda tena, mpaka nywele zikanisimama na bosi akashika ukingo wa meza. Mashine mbili zilikuwa zinasaga chini yetu, lakini yowe lilizipita. Alipiga mara tatu.

Kisha nikasikia miguu. Wapakiaji walipanda ngazi mbio, nyuso nyeupe kwa unga. Mlinzi aliingia na rungu. Mama anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara aliingia na upawa wake unachuruzika mafuta, anahema: "Nani kaumia? Nani kaumia jamani?" Nyuma yake watu wengine nisiowajua, wapita njia, wamejazana mlangoni. Mashine zilikuwa zimezimwa.

Marsiana alikuwa ameshakaa, ulezi umerudi mapajani. Alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anamtazama Maximilian.

Ofisi nzima ikamgeukia Maximilian, hata wasiojua kwa nini. Alikuwa ameinamia viatu vyake. Nikamuuliza:

"Mwenyekiti, kutoka kwake mpaka kwako ni kijito tu. Siku ile mlisikia?"

Akafungua kifungo cha koti.

"Tulisikia," akasema.

"Nyote?"

"Wote. Tulikuwa tumepumzika kuchonga intumba, tumekaa chunguni. Lilikuja kama hivi, mara nyingi. Wanawake wakataka kuinuka. Mtu mmoja akasema leo Jumatano, hao leo hawana midomo, ni watoto wanacheza. Watu wakacheka, wakakaa. Jioni ndiyo tukasikia habari ya mtoto."

"Nani aliyesema hivyo?" Bosi ndiye aliyeuliza.

Maximilian akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Ni mimi."

Mama wa vitumbua akasonya kwa sauti, akateremka ngazi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Marsiana akajifunga khanga vizuri, akainama kidogo kuaga kamati, akatoka. Alipopita karibu na Maximilian hakuharakisha wala hakusimama.

Ijumaa, 19 Julai

Watatu tumekubali, wawili wamekataa. Mhasibu amesema ukweli ni ukweli, lakini wateja hawatasikia kisa kizima, watasikia tu "watu wa Jumatano". Huenda ni kweli. Kura ya mwisho, ya kukubali, ilikuwa ya bosi.

Baadaye aliniita ofisini, mlango umefungwa.

"Bado nasema kampuni ina haki ya kukataa," akasema. "Lakini ikatae kwa jambo lililotokea." Akacheza na miwani. "Mwezi uliopita ulinisema kuhusu Jumamosi. Mwanangu akiugua Jumamosi nitapiga simu, Cornelia, sitasita. Nimelala siku mbili najiuliza kama mtu aliyezoea kwamba siku hiyo sipigi simu ataipokea."

Nikamwomba ile ripoti yangu ya kwanza niichane. Niliandika "mama alinyamaza", bila hata kutanguliza "inasemekana". Amekataa. Amesema itakaa kwenye faili, juu kabisa, na mratibu wa mwakani aisome kwanza. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto, na baridi hii.

Jumatano, 24 Julai

Barua ya ufadhili ilipigwa muhuri jana jioni, na mimi kungoja Alhamisi nimeshindwa. Nimeipeleka leo.

Mariana alikuwa shuleni. Marsiana nilimkuta shambani, anakata vichwa vya mwisho. Akasoma barua amesimama. Akairudia. Alipofika kwenye jina la mwanawe akakaa chini, juu ya tuta la intumba, akafunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Mdomo ulitaka kufunguka, niliuona. Akaufunga. Kwa furaha, mzee hakusema kama mdomo unafunguka.

Ng'ambo ya kijito Justa alikuwa ametua kapu lake, anatutazama.

"Kuna nini?" akaita. "Amepata?"

Nikataka kumjibu. Mimi, Cornelia, mbea wa kiwanda, nikaitikia kwa kichwa.

Justa akatazama kwa Marsiana, akatazama kwake, akakaza khanga. Kisha akapiga vigelegele. Alipiga kwa nguvu zote, tena na tena, mikono juu, machozi yanamtiririka. Kutoka mashamba ya juu akadakia mwingine, na mwingine, na watu wakaanza kuja mbio na visu vyao vya ulezi mikononi, wanaulizana kuna nini kwa Marsiana. Wa kwanza kuvuka kijito, na viatu vyake miguuni, alikuwa Maximilian.